Dakika Thelathini za Ruba

Foleni ya kuchukulia vifurushi ilijikunja mara mbili ndani ya ofisi, kisha mkia wake ukatokeza nje ya mlango, kwenye jua la Aprili. Ilikuwa ofisi ndogo ya mizigo pale Sib, si mbali na uwanja wa ndege, na siku hiyo Maskati nzima ilionekana imeagiza kitu: viatu, vipuri vya magari, manukato, sufuria. Watu walisukumana kwa adabu. Harufu ya udi iligombana na harufu ya maboksi.

Ruba alikuwa amefika mbele. Alivaa abaya ya zambarau iliyoiva, mikono yake imedariziwa uzi wa fedha, na mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi kama mtu asiyetaka kutambuliwa. Na kweli hakutaka.

Karani, ambaye kitambulisho cha kifuani kilisema anaitwa Asaad, aliligeuza boksi lake juu chini, akasoma, akasoma tena, kisha akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya mnadi wa samaki:

"Dada, humu mna taa. Lazima niandike ni taa ya nini."

Foleni yote ikatega masikio. Jawabu la kweli lilikuwa fupi: ni dawa. Lakini lilimkwama kooni kama mwiba wa changu, akatema la uongo lililokuwa karibu.

"Ya video. Mimi napamba maharusi. Najirekodi nikipamba."

Asaad akaandika. Ruba akashusha pumzi, akanong'ona kwa Kiswahili, lugha aliyodhani pale ni yake peke yake: "Ya Rabbi, nisitiri mja wako."

"Atakusitiri vipi, nawe umenunua mwanga wa laksi elfu kumi?" ikajibu sauti nyuma yake, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka.

Akageuka. Kijana mrefu, dishdasha nyeupe isiyo na kunyanzi hata moja, kofia ya kushona imekaa upande kidogo, na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Kumbe unasoma mizigo ya watu?"

"Nasoma taa tu. Ndiyo kazi yangu. Naitwa Yaqdhan, nafunga taa za kumbi za harusi. Na nakwambia kwa hisani, hiyo ukimmulikia biharusi, ataonekana kama karatasi."

"Biharusi wangu, karatasi yangu. Wewe inakuhusu nini?"

"Hainihusu kitu. Nimejitolea."

Akaweka kadi yake juu ya boksi. "Plagi yake ni ya pini mbili za mviringo. Haiingii kwenye ukuta wa huku. Ikikushinda, nipigie."

"Haitanishinda."

Ilimshinda jioni ile ile.

Ruba alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ya binafsi huko Qurum. Chumba chake kilikuwa chini ya ardhi, hakina hata tundu la kupitishia sindano. Asubuhi aliingia ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akashuka kwenye maegesho ya chini ya jengo, akafanya kazi kizani, akarudi nyumbani ambako, tangu Mei mpaka Septemba, mama yake alifunga mapazia mazito ili joto lisiingie. Na kila mwaka mapazia yakifungwa, na Ruba hufungika. Hulala masaa kumi na mawili akaamka amechoka. Simu ikilia huitazama kama inamtaka mtu mwengine. Miaka miwili nyuma, posa ya kijana aitwaye Sami ilivunjika kwa ajili hiyo. Watu wake waliuliza, wakaambiwa msichana hulala kiangazi kizima, wakarudisha neno moja tu: kichwa chake hakijatulia. Neno lile liliingia nyumbani kwao likakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Daktari Bakhita ndiye aliyempa neno jengine.

"Wenzetu wa nchi za baridi hupata huzuni hii majira ya baridi, kwa kukosa jua," alimwambia. "Wewe jua unalo la kugawa, lakini hulioni. Msimu wako wa kiza ni kiangazi."

Akampima macho, akamuuliza dawa anazotumia, akamwandikia nusu saa kila asubuhi mbele ya taa, umbali wa mkono mmoja, macho wazi lakini yasiikodolee. "Taa haimsaidii kila mtu. Tutajaribu, na utarudi kila mwezi. Ukiona usingizi umekuruka au moyo unakwenda mbio bila sababu, nipigie siku hiyo hiyo."

Basi jioni ile ya kuchukua boksi, plagi mkononi, Ruba alimpigia mtu mwengine kabisa.

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye biharusi wa karatasi."

"Ahlan! Plagi?"

"Plagi."

"Nilijua."

"Ukijisifu nakata simu."

Walikutana kwenye mgahawa wa chai ya karak, kwa adabu ya mji ule: kila mtu ndani ya gari lake, magari ubavu kwa ubavu, vioo vimeshushwa. Yaqdhan akapiga honi moja, mhudumu akaja mbio na vikombe viwili vya chai nzito yenye iliki. Plagi mpya ikapita kutoka dirisha hadi dirisha, na vidole vyao havikugusana, lakini vilikaribia sana.

"Unanidai nini?" Ruba aliuliza.

"Kikombe cha pili kesho."

"Ghali."

"Mali nzuri haipatikani rahisi, binti."

Cha pili kikaleta cha tatu. Mei ikaingia, mama akafunga mapazia, lakini Ruba alilifungua la chumbani kwake kila alfajiri, akawasha taa yake na kukaa. Wiki ya tatu aliamka kabla ya saa kulia. Siku moja alijikuta anaimba bafuni, akanyamaza kwa mshangao. Hakujua kama ni taa au ni Yaqdhan, ambaye alimpigia kila siku baada ya sala ya alasiri kumwambia upuuzi kuhusu maharusi waliotaka taa za waridi mpaka vyooni.

"Ni vyote viwili, na wacha kujifanya daktari," alisema Maureen, Mkenya wa mapokezi ya eksirei, rafiki yake wa kazini. "Lakini umemwambia ukweli kuhusu hiyo taa?"

"Bado."

"Ruba! Yaani unadanganya fundi wa taa kuhusu taa? Si heri ungedanganya mchinjaji kuhusu nyama!"

Ruba alicheka, lakini uongo ulikuwa umeshaanza kuota miguu. Nouf, dada yake Yaqdhan, alimpigia kwa sauti ya asali. "Shoga, Yaqdhan kanambia wewe mpambaji. Harusi yangu mwezi wa tisa. Nipambe mie!"

Ruba, ambaye kwa miaka yote wanja wake alipakwa na mama yake, akatapatapa. "Mie... sipambi watu siku hizi. Nafundisha tu. Kwa video."

"Nipe jina nikutafute basi!"

"Ni za wanaojiandikisha tu," akasema Ruba, jasho linamtoka chini ya kiyoyozi.

Kwa watu wao, vijana kukubaliana si posa. Posa huanza kwa kuuliza watu. Mwanzoni mwa Juni, Yaqdhan alipotaja jina la Ruba nyumbani, mama yake, Bi Mahfoudha, alijitia udi, akavaa buibui lake la heshima, akaenda kunywa kahawa kwa jirani wa kina Ruba.

"Binti mwema, hana neno," alisema jirani, akisogeza tende. "Ila kila alfajiri dirisha lake linawaka mwanga mweupe kama ukumbi wa harusi. Yumo peke yake, anaukabili mwanga ule nusu saa nzima. Mie sisemi kitu."

Bi Mahfoudha akachukua aliyosema jirani, akachukua aliyosema Nouf, akajumlisha.

"Mama karudi moto," Yaqdhan alisema kwenye simu siku ile. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Anasema hataki mkwe ambaye uso wake umo kwenye kila simu."

"Mie sina video hata moja, Yaqdhan!"

"Najua. Nimetafuta. Nikamwambia na mama, taa ile si ya video, hakuna anayejirekodi na mwanga ule. Akaniuliza, basi ya nini? Nikakaa kimya kama mjinga. Nimjibu nini?"

Ruba aliona milango miwili mbele yake. Mmoja umeandikwa msichana asiye na haya, wa pili msichana mgonjwa, na nyuma ya kila mmoja wamejipanga watu na ndimi zao. Wa pili alishawahi kupitishwa.

"Ruba? Habibti?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi, au hutaki nijue?"

"Niache, Yaqdhan."

Sauti yake ikaja, imepoa kama chai iliyosahauliwa. "Mie nafunga taa ili watu waonane. Kuoa kizani sijui. Siku utakayotaka kusema, namba yangu unayo."

Jioni ile Ruba alifunga pazia, akaichomoa taa, akaisukuma nyuma ya mashuka kabatini. Wiki mbili zilitosha. Juni iliunguza barabara mpaka mvuke ukacheza juu ya lami, na yeye akalala. Kazini alikwenda kama mtu anayetembea chini ya maji. Mama yake aliingia, akamshika paji la uso, akatoka na kuurudisha mlango, maana neno lile la kina Sami lilikuwa bado limekaa sebuleni.

Ijumaa ya pili, Maureen alitokea na teksi moja kwa moja kutoka kanisani Ruwi, ambako husali siku ya mapumziko, bado amevaa gauni lake la maua ya manjano. Alimsalimia mama, akaingia chumbani, akalifungua pazia kwa mikono miwili.

"Amka. Umekasirikia jamaa, sawa. Taa imekukosea nini?"

"Majirani wanaona," Ruba alijibu kutoka chini ya mto.

"Na wakiona? Wewe mama yako anameza dawa ya presha mbele ya wageni, tena anawaonyesha rangi ya vidonge. Yako unaificha kwa kabati kama bangi. Iko wapi?"

"Nyuma ya mashuka."

"Nyuma ya mashuka!" Maureen aliinua mikono. "Mungu wangu, huyu amesoma chuo kikuu."

Ruba alicheka. Kicheko kilitoka na machozi, vikachanganyika, akashindwa kujua anapangusa kipi. Siku ile ile alimpigia Daktari Bakhita, akamweleza yote, akapangiwa kuonwa. Asubuhi iliyofuata taa ilirudi dirishani. Wiki ya kwanza hapakuwa na muujiza. Siku ya kumi aliamka na hasira, na hasira ilikuwa dalili njema, maana kwa wiki kadhaa hakuwa amehisi chochote.

Akaomba kwa Nouf namba ya mama yake, akapiga.

"Sabalkheri Bi Mahfoudha. Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ruba."

Upande wa pili kijiko kiligonga kikombe, kikatulia.

"Umewauliza watu kuhusu mie, bibi, na ni haki yako. Nakuomba uje uniulize mwenyewe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, taa ikiwa inawaka."

"Makubwa! Tangu lini mtoto wa kike akamwita mama mkwe?"

"Bado hujawa mama mkwe. Ndiyo maana nakuita."

Bi Mahfoudha alifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Kichwani ushungi, juu ya ushungi mtandio, na usoni barakoa nyeusi ambayo hakuivaa tangu harusi ya dada yake. Yalionekana macho tu, nayo yalikuwa makali.

"Karibu, bibi. Mbona umejifunika hivyo?"

"Sitaki kutiwa kwenye mtandao. Simu iko wapi?"

"Ipo sebuleni kwa mama."

"Na ile fimbo ya kushikia simu?"

"Sina."

Bi Mahfoudha hakuamini watu kirahisi. Alichungulia nyuma ya mlango, akainua mto, akatazama juu ya kabati. Aliona kiti, meza, birika la kahawa, taa nyeupe bapa yenye ukubwa wa sinia, na juu ya meza kofia ya kiume iliyoshonwa nusu, sindano imechomekwa katikati ya ua. Akavuta kiti cha pili.

"Sema."

Ruba alikaa upande wa mwanga, uso wazi, hana wanja wala poda.

"Mie naumwa, bibi. Kila kiangazi huzuni hunilaza kitandani. Taa hii ni dawa, nusu saa kila asubuhi, nimeandikiwa na daktari. Video nilisema kwa kuogopa. Sijui hata kupaka rangi ya mdomo ikanyooka."

"Na Yaqdhan anajua?"

"Hajui. Aliniuliza, nikamfukuza."

Macho ya Bi Mahfoudha hayakulegea. "Mie nna mtoto wa kiume mmoja. Nnataka kuuliza na usinikasirikie. Ukilala kiangazi kizima, atakula nini?"

"Ana mikono, bibi."

Barakoa ilitikisika kidogo. "Ukizaa?"

"Nitamwambia daktari mapema, na nitahitaji watu. Kama kila mzazi."

"Utapona?"

Ruba angeweza kusema ndiyo, na ndiyo ingemnunulia kila kitu. "Sijui. Mwaka huu nimekuwa bora kuliko miaka yote. Mwaka ujao sikuahidi."

Bi Mahfoudha aliichukua ile kofia, akaisogeza kwenye mwanga, akaanza kuhesabu vitundu vya darizi kwa kucha, maana yeye mwenyewe alikuwa mshonaji na Sib yote ilijua. Akageuza ndani, akageuza nje. Akavua barakoa ili aone vizuri.

"Hapa umeruka kitundu."

"Wapi?"

"Hapa. Lete uzi." Akautia uzi kwenye sindano mara moja, bila miwani, akashangaa mwenyewe, akaitupia taa jicho la pembeni. Akashona vitundu vitatu. "Ya nani kofia?"

"Ya mtu aliyekataa kuoa kizani."

"Hm," alisema Bi Mahfoudha. Nusu saa ilipotimia akasimama, akajifunika. "Ule uongo wa video ulinichoma. Usirudie."

"Sirudii, bibi."

"Jawabu sina leo." Na akaondoka.

Simu ililia alasiri.

"Umemwambia mama kabla yangu!" Yaqdhan alianza, bila salamu.

"Wewe ungenionea huruma. Mama yako nilijua hatonionea."

Yaqdhan alicheka, na Ruba akajikuta ameshika simu kwa mikono miwili. "Ruba wangu, miaka minane nafunga taa. Nimezipima, nimezining'iniza, nimezikata na kuziunga. Sikuwahi kujiuliza kama zinaweza kumwinua mtu kitandani. Nimeona haya."

"Sikiliza kwanza. Huenda kiangazi chengine nikazima tena. Utapiga simu nisipokee. Haitakuwa nimekuchoka."

"Usipopokea, nifanye nini?"

"Njoo ufungue pazia, ukae. Usinihutubie."

"Pazia naliweza. Hilo la kutohutubia, nipe muda nijifunze."

"Kwa hiyo unaniposa, au unanifanyia mahojiano?"

"Nakuposa, roho yangu. Ngoja, mama ananinyang'anya simu..."

"Tunakuja Ijumaa," ikaingia sauti ya Bi Mahfoudha. "Saa kumi na mbili na robo."

"Za jioni, bibi?"

"Za asubuhi! Habari za dirisha lako niliambiwa ni za asubuhi. Walionambia nnataka wayaone magari yangu asubuhi."

Ijumaa, magari matatu yaliingia uchochoroni jua likiwa bado halijang'ata. Wakateremka ami zake Yaqdhan na vilemba vyao vya rangi, mmoja anapiga miayo, mmoja amekumbatia sinia la halwa, na nyuma yao Yaqdhan, dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata. Kwenye nyumba ya pili pazia lilitikisika.

"Wamefika!" Mama yake Ruba aliingia chumbani mkono kifuani. "Zima hiyo taa, mwanangu, uvae! Watasema nini?"

Ruba aliitazama saa. Alikuwa ameshasimama nusu, kwa mazoea. Kisha akakaa tena, akasukuma dirisha mpaka mwisho, akapaza sauti ikavuka ua, ikavuka ukuta, ikafika palipotikisika pazia na kuendelea.

"Karibuni sana! Kahawa iko majlisi! Mie nimo kwenye dawa yangu ya huzuni, zimebaki dakika kumi na moja!"

Ami mwenye halwa alisimama. "Dawa ya nini?"

"Ya huzuni, kasema, hukusikia?" Bi Mahfoudha alimjibu kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, uso ameuelekeza kwa jirani. "Mtoto anajitibu. Ingieni mkae, biharusi hakimbii."

Wazee wakaingia. Yaqdhan peke yake alibaki uani, chini ya dirisha, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu asiye na pengine pa kwenda.

"Ingia ndani, joto litakupiga," Ruba alimwambia.

"Nitasubiri hapa."

"Dakika kumi na moja nzima?"

"Kumi," alisema Yaqdhan. "Moja imeshakwenda."